Lori halina mjumbe wa nyumba kumi: nimekataliwa kununua shotigani Tennessee kisa sina anwani

DerevaWaMasafa #1

Wakuu salaam. Uzi utakuwa mrefu kidogo, nasubiri kupakuliwa tangu asubuhi na hawa jamaa wa ghala hawana haraka na mtu, kwa hiyo nitaandika yote.

Mimi dereva wa malori hapa Marekani, masafa marefu, mwaka wa sita huu. Nina grini kadi (kibali cha kuishi huku moja kwa moja, ila sio uraia), leseni yangu ya lori ni ya Texas. Mwaka jana nikapiga hesabu nikaona nalipa apatimenti Irving, Texas, dola 1,300 kwa mwezi halafu nalala pale siku nne tano tu, siku zingine zote nipo kwenye slipa, kile kitanda cha ndani ya lori. Nikairudisha. Vyombo nikavitupia stoo ya kukodi, barua nikahamishia kwenye boksi la kulipia, lile ambalo jamaa wanakupokelea bahasha wanakutumia picha. Maisha yakawa mepesi na hela ikaanza kuonekana.

Sasa mwezi wa pili nimelala kituo cha malori pembeni ya barabara kuu ya I-40, saa tisa usiku nasikia kitasa cha mlango wa abiria kinavutwa. Taratibu. Kikaachiwa, kikavutwa tena, mara tatu. Nikafungua pazia kidogo nikaona kofia tu. Nikapiga honi ndefu. Jamaa akashuka kwenye ngazi akaondoka anatembea. Hakukimbia wakuu! Angekimbia ningerudi kulala, ila kule kutembea kama anaenda dukani kununua sigara ndo kulininyima usingizi mpaka leo.

Nikasema basi, natafuta shotigani. Nikaingia duka moja la silaha Tennessee (silitaji, mzee wa watu hakunikosea), nikachagua, nikatoa leseni na grini kadi. Mzee ana miwani ya kamba shingoni, akanisogezea fomu ya serikali kuu ya kununua silaha, inaitwa 4473. Nikajaza jina, urefu, uzito, pa kuzaliwa. Anwani nikaandika ya Irving kama ilivyo kwenye leseni. Akaichukua, akaweka kidole kwenye ile anwani, akaniuliza kwa upole kabisa, hapa ndipo unapoishi sasa hivi? Na mimi kwa ujinga wangu wa kulelewa na bibi nikasema ukweli, hapana mzee, pale nilishahama, naishi kwenye lori, barua zinakwenda kwenye boksi.

Akafunga kalamu. Akasema samahani siwezi kukuuzia, rudi ukishakuwa na makazi.

Swali langu: kwani sheria ya Marekani inasema silaha ni ya wenye nyumba tu? Wazungu wangapi wanazunguka na magari-nyumba mwaka mzima na bunduki wanazo? Au mzee alinisoma lafudhi tu? Wenye uelewa karibuni.

kibopa_moro #2

Aisee mkuu pole. Huku Morogoro unaanzia serikali ya mtaa, mwenyekiti akuandikie barua kwamba anakufahamu, uende polisi, wakuhoji, vikao juu ya vikao. Wewe lori lako lina mjumbe wa nyumba kumi? Halina. Sasa unashangaa nini.

Mama Kevo MN #3

Wueh. Huyo mzee amekuokoa na hujui. Ungenyamaza ukasaini hiyo fomu na address ya zamani ungekuwa umejiandikia shida. Ngoja watu wa hiyo line wakuje, ila mimi nakwambia kama mtu wa grini kadi mwenzako, usicheze na karatasi ya serikali kuu.

DerevaWaMasafa #4

@Mama Kevo MN lakini anwani ya kwenye leseni ni ya kweli, ni serikali ya Texas yenyewe imeandika!

KijanaWaKaunta #5

Niko hapa. Nafanya kazi kaunta ya duka la rehani Houston, tuna leseni ya kuuza silaha, hizo fomu nazipokea kila siku. Nitajaribu kueleza polepole kwa sababu watu wengi wanachanganya vitu viwili.

Kitu cha kwanza ni MAKAZI. Sheria mama ya silaha ni ya 1968, na kanuni zake zinasema mtu anaishi jimbo fulani kama yupo kwenye hilo jimbo na ana nia ya kufanya pale ndo nyumbani kwake. Basi. Haijasema umiliki nyumba, haijasema mkataba wa kupanga, haijasema tofali wala bati. Uwepo na nia. Tena kuwa na nyumba au kiwanja peke yake hakukufanyi mkazi, unaweza kuwa na ghorofa Florida usiwahi kulala pale, haikusaidii.

Kitu cha pili ni KITAMBULISHO. Hapo muuzaji lazima aone hati ya serikali yenye picha, jina, tarehe ya kuzaliwa na anwani ya makazi, na isiwe imeisha muda. Hati moja ikipungua anwani ya sasa unaruhusiwa kuongezea nyingine, lakini nayo iwe ya serikali. Idara ya ATF, ile ya serikali kuu inayosimamia silaha, ilitoa maelekezo 2001 kuhusu kuunganisha hati. Mfano leseni yako ina anwani ya zamani, unaleta kadi ya usajili wa gari yenye anwani mpya, inakubalika. Leseni ya uwindaji, bili ya kodi ya kaunti, zote sawa. Mkataba wa mwenye nyumba hapana, bili ya simu hapana, barua ya mchungaji hapana.

Sasa wewe ulikuwa na tatizo kwenye vyote viwili. Leseni inasema Irving lakini Irving huishi, na kwa mdomo wako ukasema huna pengine. Fomu inauliza anwani ya makazi ya SASA, mpaka kaunti, na kuna kisanduku kinauliza kama unaishi ndani ya mipaka ya mji, ndiyo, hapana, sijui. Na imeandikwa wazi kwamba boksi la posta halikubaliki. Mzee akishasikia kwa masikio yake kwamba pale huishi, akikuuzia leseni yake ya biashara ndo anaiweka rehani. Sio lafudhi mkuu.

DerevaWaMasafa #6

Daah. Kwa hiyo ningesema "ndiyo naishi pale" ingepita?

KijanaWaKaunta #7

Ingepita kaunta. Isingepita sheria. Kudanganya kwenye ile fomu ni mpaka miaka 10 jela na faini mpaka dola 250,000. Usiniulize tena hilo swali humu kaka, uzi unasomwa.

Sauti ya Lumumba #8

Mbona rahisi tu, si una ndugu hapo Dallas mwenye nyumba? Mwambie anunue kwa jina lake akupe. Mnakuza mambo.

KijanaWaKaunta #9

@Sauti ya Lumumba hapo ndo umempeleka jela na ndugu yake. Swali la kwanza kabisa baada ya taarifa zako ni kama wewe ndo mnunuzi halisi. Kuna kesi ya Abramski, ilifika mahakama kuu kabisa ya Marekani, 2014. Jamaa alikuwa polisi zamani, wa Virginia, akamnunulia mjomba wake wa Pennsylvania bastola ya Glock ili apate punguzo la mapolisi. Mjomba mwenyewe msafi, angeweza kununua mwenyewe kihalali, na hata walimkabidhi kupitia muuzaji mwenye leseni huko Pennsylvania. Bado akahukumiwa, majaji 5 kwa 4. Kosa lake kutiki "ndiyo mimi ndo mnunuzi" wakati hela ya mjomba alishaipokea.

Zawadi ni kitu kingine, mtu akinunua kwa hela yake akakuzawadia kwa moyo wake hiyo ipo kwenye maelezo ya fomu. Ila "ninunulie nitakurudishia" ndo penyewe panapokamata watu.

Mama Kevo MN #10

Na si mnakumbuka mtoto wa Biden? 2024 alipatikana na hatia sababu ya fomu hiyohiyo, alijaza kwamba hatumii madawa. Baadaye babake akamsamehe. Sasa wewe babako ako Ikulu gani? 😂

kibopa_moro #11

😂😂😂 Babake yuko Kilosa analima mahindi

Bwana Pwani #12

Nimecheka lakini ngoja niongeze jambo zito. Mimi si mwanasheria, nimekaa na wanasheria tu miaka mingi, nakunywa nao kahawa.

Kuna sheria nyingine iliongezwa 1994 ambayo inasema mtu asiyeishi jimbo LOLOTE la Marekani haruhusiwi kupokea silaha, isipokuwa kwa shughuli halali za michezo kama uwindaji au kulenga shabaha. Ile iliwalenga zaidi watu wa nje. Lakini iliwabana na raia. Kuna bwana anaitwa Dearth, raia wa Marekani, alihamia Kanada, akirudi Marekani kuwatembelea ndugu akataka kununua bunduki, 2006 na 2007, akakwama kwa sababu kwenye swali la jimbo unaloishi hana jibu. Raia kamili, hana doa, pasipoti mfukoni! Akafungua kesi, ikapigwa danadana miaka, 2011 mahakama ya rufaa ya Washington DC ikasema ana haki ya kusikilizwa, 2015 ikarudishwa tena chini kwa sababu majaji waliona maelezo hayatoshi kuamua. Niliwahi kumsikia mwanasheria mmoja anasema hiyo kesi ni kama daladala la Mbagala, linajaa haliondoki.

Kwa hiyo DerevaWaMasafa ukisema "mimi sina nyumbani popote" unajisogeza mwenyewe kwenye hilo shimo. Nami nakuuliza swali kama mzee wako: ukimaliza mzigo, ukapewa siku tatu za kupumzika, unakwenda wapi?

DerevaWaMasafa #13

Shikamoo Bwana Pwani. Kwa kweli naenda Fort Worth. Kuna jamaa yetu wa Kigoma ana nyumba, nalala kwake, gari langu dogo lipo kwenye uwanja wake, kanisani kwetu ni hukohuko. Hodi yangu ndo pale.

Bwana Pwani #14

Marahaba. Basi huna shida ya nyumbani mwanangu, una shida ya karatasi. Vitu viwili alivyosema huyo kijana.

Na la kuchekesha, leseni yako ya lori nayo ina sheria yake. Kanuni za leseni za biashara zinataka itolewe na jimbo la makazi yako ya kweli na ya kudumu, ambako una nia ya kurudi kila unapokuwa safarini. Kwa hiyo miaka sita yote umekuwa ukiiambia serikali kwamba kwenu ni Texas, halafu Tennessee unamwambia mzee wa watu huna kwenu.

Mwamba wa Kolwezi #15

Bandugu, miye niko Kentucky, nilikuja na famille kama wakimbizi, sasa tuko na grini kadi. Nauliza: ile siku wa miezi tatu ingali? Rafiki aliniambia mgeni lazima aonyeshe bili za miezi tatu mfululizo ya kwamba alikaa jimbo ile.

KijanaWaKaunta #16

@Mwamba wa Kolwezi hiyo ilikuwepo kweli, siku 90 kwa asiye raia, tulikuwa tunaambiwa tudai bili. Iliondolewa 2012. Sasa mwenye grini kadi anapimwa makazi kama raia tu. Kuna wauzaji wa zamani bado wanaidai kwa mazoea, usigombane nao, nenda duka jingine.

Ila mambo haya manne kwa wasio raia mjue, nitaandika haraka wateja wanaingia. Utaandika nchi ya uraia wako na namba yako ya uhamiaji, ndo maana grini kadi tembea nayo. Aliyeingia kwa viza ya muda, ya shule, ya kazi, ya matembezi, kwa kawaida haruhusiwi, ipo njia kupitia leseni ya uwindaji lakini ina masharti. Asiye na karatasi ndo kabisa. Na kucheki rekodi kwenu mara nyingi kunachukua muda maana wanauliza mpaka uhamiaji.

Mama Kevo MN #17

Na mimi niongeze ile inauma zaidi, nimeona ikimfikia mtu tunayejua huku. Kwa hiyo fomu kuna mahali unaandika uraia. Maze ukiwa grini kadi usitiki Marekani, hata kama umekaa miaka kumi na tano na watoto wako wanaongea kama kina Obama. Kudai uraia ambao huna ni kitu immigration hawasamehei, ni deportation na citizenship unaiaga. Na kosa lolote la silaha pia ni mlango wa kukurudisha nyumbani.

Ya pili: KijanaWaKaunta amesema unaongezea document ya serikali yenye address. Wazungu huleta kadi ya kupiga kura. Wewe wa grini kadi USIENDE kujiandikisha kura ndio upate hiyo karatasi!! Si mzaha, watu wamefanya hivyo kwa DMV, ile ofisi ya leseni za magari, bila kusoma, mtu anauliza tu "register to vote?" unasema yes yes.

Ya tatu: DerevaWaMasafa, ulipotoka Irving uliwaambia immigration umehama?

DerevaWaMasafa #18

Kuwaambia vipi?

Mama Kevo MN #19

Aki huyu.

KijanaWaKaunta #20

Fomu AR-11. Asiye raia akihama anatakiwa awajulishe ndani ya siku 10. Ni mtandaoni, haina malipo. Umepitwa na miezi mingapi sijui.

DerevaWaMasafa #21

Wakuu jasho limenitoka na AC inawaka. Kumi na moja.

Nesi Mstaafu #22

Jamani msimtishe kijana, ajaze tu leo akishajua anwani anayoandika, waliochelewa ni wengi kuliko waliowahi.

Mimi na mzee wangu tunaishi kwenye gari-nyumba tangu tustaafu, ni raia wote wawili. Kiangazi tupo Minnesota karibu na wajukuu, baridi ikianza tunashuka Arizona miezi mitano, uwanja uleule, namba ileile ya eneo, mpaka majirani tunajuana kwa majina ya mbwa. Hapo tulinunua kijumba kidogo cha matairi kimekaa palepale hakiondoki.

Mzee alitaka bastola kule Arizona. Tuliposoma tukakuta kanuni wameweka mpaka mfano wa watu kama sisi: ukiwa na makazi majimbo mawili, unahesabika mkazi wa lile ulilopo kwa kipindi unachoishi pale. Kwa hiyo Januari sisi ni watu wa Arizona, Julai ni watu wa Minnesota. Leseni yake ni ya Minnesota. Dukani akapeleka leseni pamoja na bili ya kodi ya kaunti ya kile kijumba, ina jina lake na anwani ya uwanja. Yule binti wa kaunta akampigia bosi wake, wakaongea dakika kumi, mzee amekaa kwenye stuli anakula karanga, wakakubali. Angeenda Julai wakati anaishi Minnesota wasingemuuzia, na wangekuwa sahihi.

Ila jirani yetu mmoja pale alikataliwa. Yeye ana leseni ya South Dakota, amelala kule usiku mmoja tu maisha yake yote! Walikuwa wanampa leseni ukionyesha risiti ya kulala usiku mmoja, na anwani ni ya kampuni ya kupokea barua. Wenye magari-nyumba wengi wanafanya hivyo, South Dakota, Florida, na Texas kule Livingston kuna chama kizima cha wasafiri. Kwa leseni ya gari na bima ni halali kabisa. Lakini kwenye silaha akaulizwa swali lilelile la Tennessee, unaishi hapa? Akawa mkali sana. Akasema serikali ya jimbo imenitambua, wewe nani. Muuzaji akamwambia serikali ya jimbo haijaza hii fomu, unajaza wewe.

kibopa_moro #23

Huyo muuzaji mswahili huyo, kajificha tu kwenye ngozi

Sauti ya Lumumba #24

Kwa hiyo asiye na nyumba kabisa, yule anayelala kwenye hema chini ya daraja, haki yake ya katiba inaishia wapi? Maana Wamarekani wanatuambia kila siku ni haki ya kila mtu.

Bwana Pwani #25

Hapo Sauti umeuliza la maana, nakupa heko kwa mara ya kwanza uzi huu. Kwenye maandishi haki anayo. Yupo jimboni na ana nia ya kukaa, kwa tafsiri ya kanuni yeye ni mkazi kuliko hata huyu dereva wetu. Kinachomkwamisha ni ile hati yenye anwani ya makazi. Baadhi ya majimbo yanampa kitambulisho kupitia barua ya kituo cha makazi ya dharura, California wanakitoa bila malipo kwa wasio na makazi, lakini anwani iliyoandikwa pale ni ya shirika au ya kituo, na muuzaji anaweza kuuliza unalala hapo? Nadhani waliotunga sheria 1968 walikuwa na hofu ya bunduki za kuagizwa kwa posta, mwaka 1963 Kennedy aliuawa kwa bunduki iliyoagizwa kwa posta kwa jina la uongo ikaenda kwenye boksi la posta. Ndo maana boksi la posta mpaka leo ni kama nuksi. Maskini wa chini ya daraja hakuwa kichwani mwao kabisa, si kwa ubaya wala kwa wema.

Mimi naona ni kasoro. Wengine wataniambia ni kinga. Tuendelee.

DerevaWaMasafa #26

Nimewasoma wote. Swali la mwisho la kitaalamu: kwa nini basi mzee wa Tennessee alikuwa tayari kuniuzia mimi wa Texas mwanzoni? Si mmesema lazima jimbo lako?

KijanaWaKaunta #27

Bastola ndo lazima jimbo lako. Ukiipenda bastola Tennessee inabidi isafirishwe kwa muuzaji mwenye leseni Texas ukaichukulie huko. Kuna watu walishtaki wakitaka hiyo kanuni ifutwe, kesi ya Mance, wakashindwa rufaa 2018. Shotigani na bunduki ndefu tangu 1986 unaweza kununua jimbo lolote kwa muuzaji mwenye leseni, mkabidhiane pale dukani, mradi sheria za majimbo yote mawili zinaruhusu. Umri 18 kwa ndefu, 21 kwa bastola. Lakini angalia, hata kwa ndefu lazima uwe na jimbo LAKO ndo tujue majimbo mawili ni yapi. Ulimwambia huna hata moja.

Na kuuziana mtu na mtu nje ya duka, majimbo tofauti, achana nayo kabisa. Mtu yeyote kituo cha malori akikufungulia buti anakuonyesha kitu, mwambie asante kaka nimeshakula.

DerevaWaMasafa #28

MREJESHO (wiki saba baadaye).

Nimefufua uzi maana wengi mmeniuliza pembeni. Nilikaa na jamaa wa Kigoma tukaelewana, nimekodi chumba cha nyuma kwake Fort Worth dola 450, kitanda changu, funguo yangu, hata sufuria nimetoa stoo. Sio anwani ya kuazima, siku zangu za mapumziko zote nipo pale na mke wake ananidai zamu ya kuosha vyombo. AR-11 nilijaza usiku uleule baada ya kuhamia, dakika kumi na tano. Leseni Texas wanataka ubadilishe ndani ya siku 30, nikabadilisha, na usajili wa gari dogo pia. Leseni mpya ilipofika nikaenda duka la hapahapa.

Kijana wa pale akauliza lilelile, hapa ndo unaishi? Nikajibu ndiyo, na safari hii sikuhisi tumbo. Kile kisanduku cha mipaka ya mji nikatiki ndiyo. Nchi ya uraia Tanzania, herufi kubwa. Akaingiza kwenye mfumo wa serikali kuu wa kucheki rekodi, tukasubiri, karibu dakika ishirini naangalia viatu vyangu. Jibu likaja la kusubiri. Sio kukataliwa, kusubiri. Akaniambia sheria ya serikali kuu wakikaa kimya siku tatu za kazi duka linaweza kukukabidhi likitaka, wao huwa wanangoja jibu kamili. Nikapakia mzigo wa Laredo. Siku ya nne wakapiga, endelea. Jumamosi nikaichukua, na kisanduku cha kufuli.

Mama Kevo MN #29

Hongera bana! Sasa hata ukipita majimbo mengine kumbuka iwe bila risasi, ndani ya kisanduku kimefungwa, mbali na mkono wako. Hiyo ndio inakulinda ukipita pahali wako na sheria kali, kama huko New Jersey.

KijanaWaKaunta #30

Safi sana mkuu. Ila nina swali, na ningeuliza mapema kama ningekuwa na akili. Hilo lori ni lako au la kampuni?

DerevaWaMasafa #31

La kampuni.

KijanaWaKaunta #32

Kanuni za usafirishaji za serikali kuu hazikukatazi. Ila umesoma kitabu cha kampuni yako?

DerevaWaMasafa #33

Ngoja nikitafute kipo chini ya kiti.

DerevaWaMasafa #34

Wakuu. Ukurasa wa 31. Hakuna silaha ya aina yoyote ndani ya chombo cha kampuni, ukikutwa nayo unafukuzwa siku hiyohiyo.

Kwa hiyo shotigani inalala Fort Worth kwenye chumba cha dola 450, na mimi usiku huu nalala Amarillo na spana yangu ya magurudumu.

kibopa_moro #35

Mpangaji mwenye nidhamu kuliko wewe 😂😂😂